Mti Uliokatwa kwa Kutozaa

Nina hasira, na sitajifanya sina. Hasira yenyewe ni ya boma nililozaliwa, pale Gesima, na wa kulaumiwa ni watu wa damu yangu. Jina langu Joyline, nina saluni mjini Nyamira. Ninayetaka kusimulia habari zake ni Roselyne, aliyekuwa mke wa kaka yangu Manasseh. Wateja wangu hushangaa wifi mtu anapomtetea mke wa kaka. Wacha washangae, mradi wasitikise kichwa wakati nawasuka.

Roselyne ni fundi cherehani. Duka lake limepakana na saluni yangu, ukuta wa mabati tu katikati, hata nikipiga chafya nasikia "pole, wifi" kutoka upande wa pili. Kazi yake kubwa ni sare za shule. Mwanzoni mwa mwaka, foleni ya watoto inatoka mlangoni mwake mpaka mlangoni mwangu, kila mmoja anangoja kupimwa kiuno. Anawajua kwa vipimo vyao: huyu mabega mapana, yule aachiwe pindo refu kwa sababu anakua haraka. Yeye mwenyewe hakupata mtoto. Hiyo ndiyo habari yote ambayo Mama yangu aliwahi kuona ina maana juu yake.

Roselyne alizaliwa upande wa Ikonge. Alipoolewa kwetu ng'ombe walitolewa, kanisa likajaa, na Mama akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mwaka wa kwanza alimwita mokamwana, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, tena kwa sauti tamu. Baadaye akawa anasema "huyo". Huyo ameshaamka? Huyo amekula? Roselyne alikuwa akitoka Gesima alfajiri kuja kushona mjini, jioni anarudi kumpikia huyo huyo anayemwita "huyo".

Alikwenda hospitali Kisii, si mara moja. Akapimwa damu, akapimwa kwa mashine, akalala kwenye vitanda vya aibu akiangalia dari. Kila daktari alimwambia neno lile lile: mama, wewe huna shida, mlete mzee wako naye tumwangalie. Akirudi nyumbani na neno hilo, kaka yangu anacheka. Manasseh ana mabega, ana ndevu, anaendesha lori la majani chai. "Kwani mimi sionekani?" anasema. "Mwanaume mzima nikapimwe nini?" Na Mama anamuunga mkono, kana kwamba ndevu ndizo zinazozaa watoto.

Sasa niwaambie juu ya miti.

Mbele ya nyumba ya Mama palikuwa na miti miwili ya miiba. Marehemu baba aliitoa bondeni, kando ya kijito, ikiwa miche myembamba, akaipanda mmoja upande huu na mwingine upande ule wa njia ya kuingilia bomani. Ni mti mdogo wa msituni, hata ukizeeka haupiti paa kwa mbali. Gome lake lina vinundu, na kila kinundu kina mwiba kwenye ncha, kwa hivyo hakuna mtoto kwetu aliyeupanda mara mbili. Majani yake ni vijani vidogo vilivyojipanga pande mbili za kijiti kimoja, na ukivifikicha vinanuka ndimu na pilipili kwa pamoja. Matunda ni madogo kama punje za kunde, mekundu, na yakikauka yanapasuka na kutoa mbegu moja nyeusi inayong'aa. Wamasai wa upande wa Transmara huuita oloisuki. Kwetu kila mzee ana jina lake na yuko tayari kukuapia kwamba jirani yake amekosea, kwa hivyo nyumbani tulisema mti wa miiba, basi.

Maganda ya matunda yake tulitia kwenye chai. Gesima kuna baridi ya kukata masikio, na chai yenye maganda hayo inachoma koo vizuri, kikohozi kinakaa mbali. Baba alikuwa akiyaanika juu ya gunia na kutufukuza sisi na kuku kwa fimbo ile ile.

Ila uliozaa ulikuwa mti mmoja tu, ule wa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuwahi kutoa tunda tangu nizaliwe. Ulitoa maua kila mvua za masika zilipoanza, tena mengi kuliko mwenzake. Nyuki waliujaa mpaka ukawa unavuma. Halafu maua yanaanguka, yanafagiliwa, mambo yanaishia hapo. Baba alipokuwa hai hakuruhusu mtu auguse. Tukimuuliza kwa nini, alisema aliipanda pamoja na itakaa pamoja. Hatukumuuliza zaidi, tukadhani ni mapenzi ya mzee na miti yake.

Baba alipokufa, mti ule ukabaki bila mtetezi. Januari moja alikuja Nyamongo, mwenye msumeno wa mashine, kuangusha mikaratusi ya nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekwenda kumwona Mama. Roselyne alikuwa anapita na sinia la chai ya wafanyakazi. Mama akangoja afike katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, ndipo akapaza sauti.

"Nyamongo! Ukimaliza huko, nikatie na hii. Hii mti ni ya kula tu. Inakula mbolea, inakula jua, na haijawahi kunipea hata tunda moja. Kwa boma yangu sitaki kitu inakula na haizai."

Hakuuangalia mti alipokuwa akisema. Alimwangalia Roselyne, kuanzia kichwani, akashuka mpaka tumboni, akabaki hapo. Vijana wa Nyamongo wakainamisha nyuso. Manasseh alikuwa ameegemea mlango wa lori akibonyeza simu, na alisikia, maana kidole chake kilisimama. Kisha kidole kikaendelea. Roselyne aliweka sinia chini polepole, vikombe visigongane, akawamiminia chai wote, hata Mama.

Nilimwambia Mama maneno siku ile ambayo siwezi kuyaandika. Mti ukaanguka hivyo hivyo.

Masika yakaja. Mti uliobaki ukatoa maua kama kawaida. Tukangoja matunda na hakuna ua lililofunga tunda. Maua yalikauka kwenye vijiti vyao, yakageuka rangi ya udongo, yakapeperuka. Mpaka mwisho wa mwaka hapakuwa na punje hata ya kutia kwenye kikombe kimoja. Na Mama, badala ya kujiuliza alichofanya, alipata pa kusemea. Akaanza kusema kanisani, akasema kwenye kituo cha kupimia majani chai, akasema kwa majirani: huyo mkono wake ni mbaya. Aliuangalia mti wa watu siku ule mwingine ukikatwa, sasa na huu umekauka tumbo kama yeye.

Mimi ni mtu wa huku na najua uzito wa maneno hayo. Kwetu mwanamke akishasemwa ana mkono mbaya, si umbea tena. Kuna watu wamechomewa nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nilipomwambia Mama anachezea maisha ya mtu, alinijibu eti yeye hajataja uchawi, amesema mkono tu.

Desemba hiyo baba mdogo Zachariah, ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alikuja na wazee wenzake. Wakala, wakashiba, wakatoa uamuzi: Roselyne apewe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha bila mtoto, Manasseh ataletewa mke mwingine, nyumba atapewa huyo mwingine, na Roselyne atarudi kwao Ikonge. Walisema hivyo yeye akiwa ameketi pale pale na sahani zao chafu miguuni pake. Hakuna aliyemuuliza Manasseh swali lolote.

Aliyefumbua macho yetu ni Kinsi. Kinsi na mumewe Farah wana duka la viungo na vitambaa pale mjini. Roselyne hununua uzi kwao, na kila mwaka alikuwa akimpelekea Kinsi mfuko wa maganda yetu, maana Kinsi aliyapenda kwenye chai yake ya maziwa pamoja na iliki. Mwaka ule mfuko haukufika, akaja mwenyewe saluni kuuliza, akidai tumepata rafiki mwingine. Roselyne akamweleza kwamba mti haukuzaa.

"Kwani mko na miti ngapi?" Kinsi akauliza.

"Ilikuwa mbili. Moja mama mkwe alikata. Ilikuwa haizai tangu zamani."

"Lakini maua ilikuwa inatoa?"

"Mingi sana. Hata nyuki walikuwa wanaipenda kuliko hii ingine."

Kinsi aliweka kikombe chini. "Na hayo maua, yalikuwa na vumbi ya njano?"

Roselyne akafikiri. Akasema ndiyo, akifagia uwanja ufagio ulikuwa unageuka njano.

"Wallahi mlikata bwana," Kinsi akasema. "Kwa nyanya yangu Mandera, kando ya mto, kuna mitende. Mtende dume hauzai tende hata moja, lakini hakuna mwenda wazimu anaukata. Nyanya alikuwa anachukua ua ya dume anapanda nayo juu kwa jike, anapakapaka. Asipofanya hivyo, hakuna tende. Nyinyi mmeua bwana, sasa mnauliza bibi mbona hazai?"

Kichwa cha mteja kilikuwa mikononi mwangu na nilisahau kukisuka. Unajua kilichoniuma? Sisi hatukuwa wajinga wa jambo hilo. Nenda shamba lolote Nyamira, utakuta mpaipai dume, na kila mtu anajua ni dume, anajua paipai ziko jike na dume. Mama mwenyewe alikuwa akigongelea msumari mpaipai dume akitaka ubadilike uzae. Tunajua ya paipai, tunajua ya jogoo, tunajua ya fahali. Ila likija suala la nani hazai katika nyumba, akili zote hizo tunazifungia kabatini na kumtazama mwanamke.

Masika yaliyofuata yalipoanza, Roselyne aliniomba twende naye bondeni. Kando ya kijito, kwenye shamba la mzee Nyangau, bado kulikuwa na miti michache ya aina ile imejificha kati ya vichaka. Tulichuma maua kutoka kila mmoja, na Roselyne akayaweka kwenye kiganja karibu na jicho, kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Ua lenyewe ni dogo, halipiti kichwa cha pini. Akanionyesha. La mti huu lina vijiti vyenye vumbi na katikati hamna kitu. La mti ule halina vumbi, lina kinundu cha kijani kibichi katikati. Kinundu hicho ndicho kinachokuwa tunda.

"Joyline," aliniambia, "hii yenye vumbi ndiyo ilikuwa ya kushoto."

Tulikata matawi ya dume, tukayafunga kwenye leso, tukapanda nayo Gesima. Mama alikuwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Roselyne akaweka ngazi kwenye mti wa baba, akachagua tawi moja, la upande wa barabara, lisiloonekana kutoka mlangoni kwa Mama, akaanza kulipakapaka ua kwa ua. Miiba ilimchana mikono yote miwili. Nilimsihi ashuke nimsaidie, akakataa. Alipomaliza alilifunga tawi hilo kwa kipande cha kitambaa chekundu cha sweta za shule. Matawi mengine hakuyagusa, kusudi. Alirudia hivyo siku kadhaa mpaka maua yakaisha.

Sikuwahi kuomba Mungu kwa ajili ya mti kabla ya mwaka ule. Niliomba. Kila nilipokwenda kwa Mama nilipita chini ya kitambaa chekundu nikiinua macho kama mwizi. Na vinundu vikakua. Vikawa kijani, vikanenepa, vikaanza kuiva. Kwenye tawi lile peke yake. Matawi mengine yalikuwa matupu kabisa.

Wazee walirudi Desemba. Mama alikuwa amepika kuku na kuvaa nguo ya harusi za watu. Kabla hata chai haijamiminwa, akauleta mti kuwa shahidi wake: waangalie wenyewe, mwaka wa pili huu, mti wa mume wangu umefungwa na mkono wa huyo.

Roselyne akasimama. Alipiga magoti kidogo kwa heshima, akamwita mzee tata, yaani baba, akasema, "Tata Zachariah, naomba mtoke nje muangalie mti."

Walitoka. Akawaonyesha tawi lenye kitambaa, limejaa matunda mekundu, mengine yamepasuka. Akawaeleza yote: mti dume, mti jike, vumbi, bondeni kwa Nyangau, akakunja mikono ya blauzi wayaone makovu ya miiba. Baba mdogo Zachariah alichuma tunda moja, akalitafuna, machozi yakamlenga kwa ukali wake.

"Hii ni yenyewe," akasema. "Kwa hivyo ile ya kushoto, kaka yangu aliyokuwa anatukataza kukata..."

"Ilikuwa bwana, tata. Na hii iliyobaki haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa mzima siku zote, tena mlikuwa mnaisema vibaya." Sauti yake ilikuwa ya chini lakini kila mtu aliisikia. "Mimi nimepimwa. Kila mahali wamesema niko mzima. Naomba kitu moja tu kwa hii boma. Manasseh apimwe. Akipatikana yuko sawa, mimi nitafunga nguo zangu mwenyewe, hamtanisindikiza."

Wazee wote wakamgeukia kaka yangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Nikadhani, kwa ujinga wangu, kwamba atasema sawa. Neno lenyewe ni dogo tu.

Aliingia jikoni akatoka na panga.

Alianza na tawi la kitambaa chekundu. Likaanguka. Kisha akashuka kwenye shina. Si mti mnene, lakini kwa panga ni kazi, na miiba ilikuwa inamchana na yeye sasa. Wazee walirudi ndani mmoja mmoja, wakaketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wakasikiliza. Hakuna aliyemzuia. Nilipotaka kwenda kumshika mkono, Mama alinivuta gauni.

"Mwache," akasema. "Ni mti ya baba yake. Ana haki."

"Mambo ya miti ni ya miti," baba mdogo Zachariah akasema, akaangalia kikombe chake. Na mnajua? Wakaomba chai. Chai ikamiminwa. Mwanaume aliye na ndevu anakata mti wa marehemu baba yake ili asipelekwe hospitali, na wazee wa ukoo wanauliza kama kuna sukari.

Roselyne hakungoja uamuzi. Aliokota lile tawi, akachuma matunda yake yote kwenye aproni, akaingia nyumbani kwake akafunga nguo. Mimi nilibeba cherehani ndogo. Mama alikuwa amesimama kizingitini, na nilipopita aliniuliza kama na mimi nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, mimi najifukuza.

Sasa Roselyne anaishi chumba cha nyuma ya duka lake. Mbegu alizipanda kwenye mikebe ya rangi. Ni mbegu ngumu, nyingi hazikuota, lakini chache zimeota, zina miiba tayari hata kabla ya kufika gotini. Huwezi kujua ipi dume na ipi jike mpaka itoe maua, na maua ni ya miaka ijayo. Anaimwagilia yote.

Kaka yangu aliletewa mke, msichana mpole anaitwa Eucabeth. Nilikuwa nimeapa kumchukia na nimeshindwa. Mwaka wa kwanza Mama alimwita mokamwana kwa sauti tamu.

Wiki iliyopita Eucabeth alikuja saluni. Hakutaka kusukwa. Alikaa kwenye kiti, akangoja wateja watoke, akaniuliza kwa kunong'ona, "Wifi, ile hospitali mwenzangu alikuwa anaenda Kisii, iko upande gani?"

Nilimshika mkono nikampeleka mlango wa pili. Roselyne alikuwa na pini mdomoni, amezungukwa na marinda na kaptula za Januari. Walikuwa hawajawahi kuonana. Alimtazama kidogo, akatoa pini, akamsogezea stuli.

"Keti, dada," akamwambia. "Wewe umeenda kupimwa?"

"Bado. Ndiyo nataka kuenda."

"Na yeye?"

Eucabeth akaangalia chini. "Mama amesema mwanaume hapimwi."

Nililia kwa hasira pale pale, mtu mzima, katikati ya sare za watoto wa watu.